Tusizibeze filamu za kauboi za bei nafuu

Kila muhula unapokaribia kufungwa, walimu wakawa wanatafuta jambo la kuwashughulisha wanafunzi baada ya mitihani, huzuka mjadala ule ule katika vyumba vya walimu: je, wanafunzi waonyeshwe filamu gani? Wapo wanaopendekeza filamu za historia. Wapo wanaotaka za dini. Lakini akitokea mmoja akataja filamu za kauboi, hasa zile zilizotengenezwa kwa fedha kidogo, ambamo wenye ranchi hugombania malisho na kumiminiana risasi tangu mwanzo hadi mwisho, wenzake humtazama kana kwamba amependekeza watoto wapelekwe kilabuni wakanywe busaa.

Mimi ni mmoja wa wanaotazamwa hivyo, na leo nimeazimia kujitetea.

Kwanza nikiri yale yanayostahili kukiriwa. Filamu hizi zinafanana kama vifaranga wa kuku mmoja. Kuna bonde lenye maji. Kuna mkwasi mwenye ng'ombe wasiohesabika ambaye anataka bonde lote liwe lake. Kuna jirani yake mwenye mifugo michache, mkaidi, na mara nyingi ana binti mrembo. Usiku mmoja seng'enge inakatwa, ng'ombe wanaswagwa, ghala linachomwa moto. Kesho yake anaingia mgeni juu ya farasi, haongei sana, na kila mtu isipokuwa wakazi wa mji huo anajua kwamba huyo ndiye atakayemaliza ugomvi. Vijana wetu wana neno lao kwa mtu wa namna hii: humwita stelingi. Na kanuni yao ni moja tu, kwamba stelingi hafi. Wahenga nao walikwisha kusema kwamba mafahali wawili hawakai zizi moja, na nadhani hakuna fasihi iliyoichukulia methali hiyo kwa maana yake halisi, ya fahali na zizi, kama filamu hizi.

Waigizaji wengi walikuwa hodari zaidi wa kupanda farasi kuliko wa kusema maneno. Mandhari yalirudiwarudiwa. Hayo yote ni kweli. Hata hivyo, mgala muue na haki umpe.

Tukitaka kuwatendea haki watu waliozitengeneza, hatuna budi kujua walivyofanya kazi. Katika miaka ya 1930 na 1940 mtazamaji wa Marekani alizoea kulipa kiingilio kimoja na kuonyeshwa filamu mbili. Ile ya kwanza ilikuwa na waigizaji maarufu. Ya pili ilikuwa fupi, yapata saa moja, na kazi yake ilikuwa kumfanya mteja aone kwamba fedha zake hazikupotea. Kampuni ndogo ndogo ziliishi kwa kutengeneza filamu hizi za pili. Mojawapo ilikuwa Monogram. Nyingine, iliyovuma zaidi, ilikuwa Republic Pictures, ambayo Herbert J. Yates aliianzisha mwaka 1935 kwa kuunganisha kampuni kadhaa zilizokuwa zikihangaika. Filamu moja ya kauboi ingeweza kupigwa kwa muda wa wiki moja hivi.

Sasa mtu mwenye wiki moja na fedha kiduchu atasimulia hadithi gani? Hawezi kujenga kasri wala kuzamisha meli. Ila ugomvi wa wenye ranchi ataumudu. Anahitaji farasi, kofia, mtaa mmoja wa nyumba za mbao, na uwanda. Uwanda ulikuwa karibu. Katika ranchi ya Iverson, viungani mwa Los Angeles, kulikuwa na miamba ambayo ilipigwa picha mara nyingi hivi kwamba mtazamaji makini aliweza kuitambua kama anavyotambua mbuyu wa kijijini kwao. Mbali zaidi, karibu na mji mdogo wa Lone Pine, kulikuwa na vilima vya Alabama Hills, na nyuma yake milima yenye theluji ambayo haikumgharimu mtengenezaji hata senti. Ikiwa hadithi ilihitaji kundi kubwa la ng'ombe wanaotimua mbio kwa hofu, hakuna aliyekodi ng'ombe. Picha za aina hiyo zilikuwa zimekwisha kupigwa zamani kwa ajili ya filamu nyingine. Zilitolewa stoo, zikaunganishwa, na mtazamaji akashtuka vile vile.

Hapo ndipo ulipozaliwa ustadi wa pekee. Mfano mzuri ni Yakima Canutt. Huyu alikuwa bingwa wa michezo ya kupanda farasi wakali kabla ya kuingia katika filamu, akawa ndiye anayeanguka, anayeburutwa na kurukia mabehewa kwa niaba ya waigizaji wenye majina. Katika filamu ya Stagecoach ya mwaka 1939 alijiachia katikati ya farasi wanaokimbia, akapita chini yao na chini ya behewa lenyewe. Baadaye alipewa tuzo ya heshima ya Oscar. Sitaki msomaji adhani kwamba mambo yote yalikuwa ya kusifika. Farasi waliteswa. Farasi mmoja alikufa baada ya kurushwa kutoka jabalini ili filamu ya Jesse James, iliyotolewa mwaka huo huo wa 1939, ipate picha ya kusisimua, na kelele zilizofuata ndizo zilizofanya chama cha kutetea wanyama kiruhusiwe kusimamia upigaji wa filamu. Ninapowaonyesha wanafunzi filamu za miaka hiyo huwaambia jambo hili mapema, kwa sababu wapo wanaocheka mnyama akianguka.

Lakini hoja yangu kubwa haihusu farasi. Inahusu ule ugomvi wenyewe. Walimu wenzangu hudhani kwamba visa vya wenye ranchi kuuana vilibuniwa na waandishi wavivu wa Hollywood. La hasha! Ukweli ulikuwa mchungu kuliko filamu.

Tuchukue mfano wa wilaya ya Johnson, katika jimbo la Wyoming. Katika miaka ya 1870 na 1880 matajiri, baadhi yao Waingereza na Waskoti, waliingiza makundi makubwa ya ng'ombe katika nyanda ambazo hazikuwa zao kisheria. Zilikuwa ardhi za serikali, na wao walizitumia bure. Kisha wakaja walowezi wadogo. Sheria ya mwaka 1862 ilimruhusu mtu kujipatia ekari 160 kama angeishi hapo na kulima kwa miaka mitano. Seng'enge nayo, ambayo Joseph Glidden alipata hataza yake mwaka 1874, ilimwezesha mtu maskini kuzungusha ua shamba lake na hata kisima chake. Kwa tajiri aliyezoea ng'ombe wake wazurure watakako, ua huo ulikuwa tusi.

Msimu wa baridi wa 1886 hadi 1887 ukawa msiba. Theluji iliua ng'ombe kwa maelfu, na matajiri waliopata hasara wakatafuta wa kulaumiwa. Chama chao, Wyoming Stock Growers Association, kilikuwa na nguvu kuliko vyama vingi vya siasa. Tangu mwaka 1884 sheria ilikipa mamlaka juu ya ndama wasio na chapa wanaopatikana malishoni. Fikiria, msomaji: ndama wa mama yako anapotea, anaonekana bila chapa, na sheria inasema si wako. Mfugaji mdogo aliyemtia ndama huyo chapa yake aliitwa mwizi. Wezi wa kweli walikuwako, sikatai. Lakini neno hilo lilitanuliwa hadi likamfunika yeyote mwenye mifugo michache na ulimi usiojua kuomba radhi.

Mnamo Julai 1889 mwanamke mmoja, Ella Watson, na Jim Averell walinyongwa mtini na wenye ranchi jirani zao. Hakuna aliyeadhibiwa. Aprili 1892 matajiri wakaenda mbali zaidi. Walikusanya watu wapatao hamsini, wengi wakiwa watumiaji bunduki waliokodiwa kutoka Texas, wakapanda gari la moshi kutoka Cheyenne hadi Casper, kisha farasi, wakiwa na orodha ya watu wa kuuawa. Tarehe 9 Aprili waliizingira nyumba ya magogo katika ranchi iliyoitwa KC. Ndani alikuwamo Nate Champion na mwenzake Nick Ray. Ray alipigwa risasi mapema. Champion alipigana peke yake kwa saa nyingi, na baina ya risasi aliandika katika kijitabu chake yaliyokuwa yakitukia, kikiwemo kifo cha mwenzake. Hatimaye wakaichoma nyumba. Alitoka mbio, wakamuua, wakamwachia kifuani kikaratasi cha kuwaonya wezi wa ng'ombe. Maandishi ya kijitabu hicho yalichapishwa magazetini baadaye, na ndiyo sababu tunayajua.

Habari zilifika katika mji wa Buffalo, na raia wapatao mia mbili na zaidi wakashika silaha wakawazingira wavamizi katika ranchi ya TA. Unadhani nani aliokolewa? Rais Benjamin Harrison alituma askari wa farasi wa serikali, nao wakawatoa wavamizi salama. Wakapelekwa Cheyenne, kesi ikaburutwa, wilaya ikashindwa kulipa gharama, na mapema mwaka 1893 mashtaka yakatupwa. Hakuna hata mmoja aliyehukumiwa.

Yaliyofuata yanapaswa kumvutia kila mwalimu wa fasihi. Mwaka 1902 Owen Wister, mwandishi aliyekuwa na marafiki miongoni mwa matajiri hao, alitoa riwaya ya The Virginian. Ndani yake kuwanyonga wezi wa ng'ombe bila kesi ni wajibu mzito unaotekelezwa na waungwana. Miongo mitano baadaye, mwaka 1953, filamu ya Shane, iliyotokana na riwaya ya Jack Schaefer, iliuchukua mgogoro wa aina ile ile katika Wyoming ile ile, na humo mtu mwema ni mkulima mdogo, mwovu ni mwenye ng'ombe wengi. Ni mgogoro mmoja wenye mashujaa wawili wanaopingana. Mwanafunzi anayetaka kujua maana ya msimamo wa msimulizi hahitaji mfano bora kuliko huo.

Na sasa nifikie filamu iliyonifanya nishike kalamu. Inaitwa Terror in a Texas Town, jina ambalo ningelifasiri kuwa Hofu Kuu katika Mji wa Texas. Ilitolewa mwaka 1958. Gharama yake hutajwa kuwa takriban dola 80,000, na upigaji wake hutajwa kuwa wa siku kumi. Mwelekezi wake alikuwa Joseph H. Lewis, mtu aliyefunzwa na filamu za kauboi za bei nafuu. Huko alipewa jina la utani la Joe wa Magurudumu, kwa kuwa alipochoshwa na mandhari alitafuta gurudumu la mkokoteni na kupiga picha kupitia baina ya njiti zake. Watu walimcheka. Mimi naona akili hapo. Mtu aliyenyimwa fedha alitumia gurudumu.

Hadithi yenyewe ni ya kawaida. Mji unaitwa Prairie City. Tajiri mmoja, Ed McNeil, anayeigizwa na Sebastian Cabot, anataka mashamba ya wakulima wote wa hapo. Hawaambii sababu. Sababu ni kwamba chini ya ardhi hiyo kuna mafuta. Wanafunzi wa Kenya hawahitaji kuelezwa mtu huyo ni nani. Neno "mnyakuzi" walilisikia kabla hawajajua kusoma. Sherifu yumo mfukoni mwake. Wanaokataa kuondoka hutumiwa Johnny Crale, muuaji wa kukodiwa, mwenye mavazi meusi na mkono wa kuume wa chuma, kwani ule wa asili aliupoteza. Hutumia bastola kwa mkono wa kushoto. Crale anamuua mzee mmoja wa Kiswidi, Sven Hansen, shambani mwake.

Siku chache baadaye mwana wa marehemu, George, anawasili kwa gari la moshi. Amekuwa baharini miaka mingi akivua nyangumi. Hajui kutumia bastola. Anayemwigiza ni Sterling Hayden, na naomba msomaji aniwie radhi nikisema kwamba hapa pana stelingi ambaye kweli jina lake ni Sterling. Hayden alikuwa baharia hata katika maisha yake halisi. Alikuwa nahodha kabla ya kuwa mwigizaji, na katika filamu hii anatembea kama mtu ambaye bado anangoja nchi kavu iyumbe. George anauliza maswali. Watu wanatazama chini. Anapigwa, anapakiwa katika gari la moshi lililo njiani kwenda kwingine, naye anarudi kwa miguu.

Silaha yake ni chusa. Ndugu zetu wavuvi wa pwani wanaijua silaha hiyo: mti mrefu wenye chuma chenye ncha. Filamu inaanza karibu na mwisho wake. Mwanamume mrefu anatembea katikati ya mtaa, chusa begani, kumkabili mtu mwenye bastola. Kabla hatujajua ni nani wala kwa nini, hadithi inaturudisha nyuma. Mwalimu wa mbinu rejeshi amekwisha kupata mfano wake katika dakika za mwanzo kabisa.

Hata hivyo, si chusa kinachonirudisha kwenye filamu hii. Ni mhusika mwingine, mkulima wa Kimeksiko anayeitwa José Mirada, ambaye Victor Millan alimwigiza. Mirada aliyaona mauaji ya mzee Hansen. Ni yeye na mwanawe waliokuwa karibu. Tena anajua habari ya mafuta. Lakini ana mke mja mzito, ana mtoto, na anajua kwamba katika mji ule neno la Mmeksiko maskini dhidi ya neno la tajiri ni kama jani juu ya maji. Basi anaponyamaza hatuwezi kumlaani. Kwa sehemu kubwa ya filamu tunamtazama mtu mwema akiubeba ukweli kama mzigo wa kuni mbichi. Mwishowe anasema. Crale anakuja kumuua, naye anasimama mbele yake bila kutetemeka. Jambo hilo linamvuruga muuaji kuliko risasi. Amezoea kuona hofu katika macho ya watu. Hofu hiyo ndiyo iliyokuwa ikimpa ujira wake na, nadhani, ndiyo iliyokuwa ikimpa usingizi. Amekutana na mtu asiyeogopa kufa. Tangu hapo Crale si mtu yule tena, na hata anapomgeukia bwana wake McNeil na kumuua, na kisha kwenda mtaani kukabiliana na mtu wa chusa, anaonekana kama aliyekwisha kushindwa tayari.

Ni nani aliyeandika mambo haya? Katika filamu yenyewe jina la mwandishi ni Ben L. Perry. Siye. Aliyeandika ni Dalton Trumbo, na jina lake lilifichwa kwa sababu halikuruhusiwa kuonekana. Mwaka 1947 kamati ya Bunge la Marekani iliwaita watu wa filamu na kuwauliza kama walikuwa au waliwahi kuwa wakomunisti. Kumi walikataa kujibu, Trumbo akiwa miongoni mwao, na mwaka 1950 akaingia gerezani kwa kulidharau Bunge. Alipotoka, kampuni hazikuthubutu kumwajiri waziwazi. Aliandika kwa majina ya watu wengine, kwa malipo hafifu, hata mwaka 1957 tuzo ya Oscar ya hadithi bora ikaenda kwa Robert Rich, na Robert Rich hakujitokeza jukwaani, kwa kuwa kazi ilikuwa ya Trumbo. Jina lake lilirejea katika filamu mwaka 1960.

Aliyemwigiza muuaji Crale, Nedrick Young, alikuwa na mkasa kama huo. Yeye pia alikuwa mwandishi, alikataa kuijibu kamati mwaka 1953, akafungiwa milango. Mwaka ule ule wa 1958 alishiriki kuandika The Defiant Ones kwa jina la bandia la Nathan E. Douglas, na jina hilo la bandia likapata Oscar.

Na Sterling Hayden je? Huyu aliitwa mbele ya kamati mwaka 1951. Alijibu. Aliwataja wenzake. Kazi yake ikaokolewa, lakini nafsi yake haikupata amani. Katika kitabu chake cha maisha, Wanderer, kilichotoka mwaka 1963, alijilaumu kwa uchungu kwa kitendo hicho.

Tazama basi jinsi mambo yalivyopangika. Aliyetaja majina ya wenzake anaigiza mtu anayetafuta ukweli katika mji wa watu walionyamaza. Aliyekataa kusema anaigiza muuaji anayeishi kwa hofu za wengine. Maneno yao wote yameandikwa na mtu aliyekwenda jela. Na katikati yao amewekwa Mirada, shahidi anayejiuliza kama aseme. Tena kuna fumbo humo, na sijapata kulitegua kwa namna inayoniridhisha: Trumbo na Young waliheshimiwa kwa kunyamaza, ilhali Mirada anaheshimiwa kwa kusema. Naona tofauti iko katika kumjua yule anayeuliza na atakayeumia kwa jibu. Mbele ya kamati, jibu lingemwangamiza rafiki. Katika shamba la Hansen, kimya ndicho kilichomlinda muuaji. Lakini mwanafunzi mwerevu atanibana hapo, na ni vizuri anibane.

Kampuni iliyoisambaza filamu hiyo ilikuwa United Artists. Miaka 22 baadaye, mwaka 1980, kampuni iyo hiyo ilitoa filamu ya Michael Cimino, Heaven's Gate, juu ya vita vile vile vya wilaya ya Johnson nilivyovisimulia. Safari hii fedha hazikuwa tatizo. Zilitumika takriban dola milioni 44. Mitaa ilijengwa, umati ulikodiwa, picha zilirudiwa tena na tena. Ilipoonyeshwa haikuingiza hata sehemu ndogo ya gharama zake, na mwaka 1981 United Artists ikauzwa kwa MGM. Wapo wanaoitetea, na kusema kweli kuna sehemu zake zenye uzuri wa ajabu. Lakini nimeitazama mara mbili, na siwezi kumkumbuka mtu yeyote ndani yake kama ninavyomkumbuka Mirada amesimama mbele ya bastola katika filamu iliyopigwa kwa siku kumi.

Joseph Lewis hakutengeneza filamu nyingine ya sinema baada ya hiyo. Televisheni ilikuwa imekwisha kuzimeza filamu za kauboi za bei nafuu, naye akaenda kufanya kazi huko, akaelekeza vipindi vya The Rifleman na vinginevyo. Alifariki mwaka 2000.

Kwa mwalimu anayetaka kujaribu, kuna jambo moja la kumfurahisha: filamu hii ina dakika 80, yaani vipindi viwili vya dakika 40, bila kuiba wakati wa somo la hisabati. Nilipoionyesha katika chama chetu cha drama, nilitayarisha maswali yangu kuhusu mbinu rejeshi na ishara ya mkono wa chuma. Sikuyafikia. Msichana mmoja wa kidato cha tatu alisimama akamtetea Mirada wa mwanzo, yule anayenyamaza. Alisema ni rahisi kwetu kumtaka aseme kwa kuwa si sisi tutakaowaacha wajane na mayatima. Mvulana mmoja akampinga kwamba mtoto atakayezaliwa atarithi hofu badala ya shamba. Wakabishana vizuri, kwa Kiswahili sanifu, jambo ambalo mitungo yao ya darasani haijanizoesha.

Kisha kijana mwingine, wa nyuma kabisa, ambaye huwa hasemi, akauliza: kabla ya McNeil, na kabla ya mzee Hansen, ardhi ile ilikuwa ya nani? Filamu haijibu. Wala Shane haijibu. Nikawaambia habari za Wyoming, ninazozijua zaidi kuliko za Texas: kwamba mkataba wa Fort Laramie wa mwaka 1868 uliliacha bonde la mto Powder mikononi mwa Walakota na washirika wao, na kwamba baada ya vita vya 1876 na 1877 walinyang'anywa, ndipo ng'ombe wa matajiri wakaingia. Ranchi ya KC, ambako Nate Champion alikufa akiandika, ilikuwa katika nchi hiyo hiyo. Kijana akaomba ramani. Ramani ya Marekani tuliyokuwa nayo shuleni ilionyesha majimbo tu, kwa hiyo tulianza kuchora nyingine ubaoni, na tulikuwa hatujafika hata nusu yake saa ya michezo ilipowadia.